Ubaguzi Hauhitaji Matusi

Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani Rebecca Bigler na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya likizo. Watoto wa miaka 6 hadi 9 walivishwa fulana za rangi mbili, wengine bluu, wengine njano. Katika baadhi ya madarasa mwalimu alizitumia rangi hizo kuendesha shughuli za siku: aliwaita watoto kwa rangi zao, akawapanga kwa rangi zao. Hakulisifu kundi lolote wala hakulikosoa. Katika madarasa mengine watoto walivaa fulana zile zile, ila mwalimu alifanya kazi yake kana kwamba hazioni. Wiki chache baadaye watoto wa madarasa ya kwanza walikuwa wameanza kuamini kwamba kundi lao ni bora kuliko lile jingine. Wale wa madarasa ya pili hawakufika huko. Mwaka 2006 Bigler alilirudia jaribio akiwa na Meagan Patterson, safari hii na watoto wa chekechea wa miaka 3 hadi 5, na kwa baadhi ya vipimo upendeleo ulikuwa mkubwa zaidi pale mwalimu alipozipa rangi kazi ya kufanya.

Wengi wetu tunaamini kwamba ubaguzi humwingia mtoto kwa maneno mabaya: mtu mzima alitukana, mtoto akasikia, akameza. Kwa hiyo tunadhani dawa yake ni maneno mazuri, na tukishamwambia mtoto kwamba watu wote ni sawa tunaona kazi imekwisha. Lakini katika madarasa ya Bigler hapakuwa na tusi hata moja. Alikuwapo mtu mzima anayeaminiwa na watoto, akiitumia tofauti kupanga maisha yao ya kila siku, na watoto wakahitimisha wenyewe kwamba kama mwalimu anaijali rangi hii kiasi hiki, basi lazima iwe na maana. Maana yenyewe wakaitunga wao. Ndiyo sababu naona mjadala wa kuwafundisha watoto kuthamini upekee wa kila mtu na utajiri wa tamaduni mara nyingi huanzia pasipo. Kabla ya kuulizana tuwaambie nini, inabidi tuulizane wanatuona tukifanya nini.

Kuna wanaosema watoto hawa ni wadogo mno, hawaoni tofauti, na kuwatajia ni kuwaharibu. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na David Kelly walionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa punde haonyeshi upendeleo kati ya nyuso za watu wa asili mbalimbali, lakini akifika miezi mitatu huzitazama kwa muda mrefu zaidi nyuso zinazofanana na za watu wanaomlea. Mwaka uliofuata Yair Bar-Haim na wenzake waliwalinganisha watoto wachanga wa Ethiopia na wa Israeli. Kila upande ulipendelea nyuso za aina iliyouzunguka, isipokuwa watoto wa asili ya Ethiopia waliokuwa wakikulia Israeli huku wakiziona nyuso za aina zote mbili. Hao hawakuegemea popote. Asitokee mtu wa kusoma hapa kwamba kichanga cha miezi mitatu ni kibaguzi. Kutazama na kuchukia ni mambo mawili. Tunachojifunza ni kwamba macho ya mtoto yameshaanza kuhesabu nani wa kawaida na nani mgeni, na hesabu hiyo inatokana na watu tunaomzungusha nao.

Masikio nayo hayalali. Katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2007, Katherine Kinzler, Emmanuel Dupoux na Elizabeth Spelke waligundua kwamba watoto wa miezi 10 walipendelea kupokea kitu cha kuchezea kutoka kwa mtu aliyezungumza lugha waliyoizoea, na kwamba watoto wa miaka 5 walipoulizwa wangependa kuwa marafiki na nani, walichagua wenye lugha na lafudhi kama yao. Utafiti wa mwaka 2009 ulikwenda mbali zaidi: watoto wazungu wa miaka 5 nchini Marekani walipolazimika kuchagua, lafudhi iliwavuta kuliko rangi ya ngozi. Jambo hili linanigusa sana, kwa kuwa lafudhi ndiyo tofauti ambayo watu wazima tunaicheka hadharani bila haya. Mtu ambaye hawezi kuthubutu kudhihaki rangi ya mwenzake atamwigiza jirani anayetamka maneno vingine, sebuleni, mbele ya watoto, na wote watacheka. Mtoto aliyekaa pale amejifunza somo kamili.

Mtoto huyo pia hujifunza thamani aliyopewa yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi wa Marekani, wa miaka 3 hadi 7, wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, kisha wakawauliza yupi ni mzuri, yupi ni mbaya, yupi wangependa kucheza naye. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Kazi hiyo ilitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. Watoto wa miaka mitatu hawakuwa wamesoma sheria yoyote ya ubaguzi. Waliisoma jamii.

Sasa tuje kwenye akili yenyewe ya mtoto, maana hapa ndipo penye ufunguo na ndipo panaporukwa zaidi. Mtoto wa miaka minne au mitano hupanga vitu kwa sifa moja kwa wakati mmoja. Mpe vibao vya rangi na maumbo mbalimbali, atavipanga kwa rangi, au atavipanga kwa umbo. Kuzishika sifa zote mbili kwa pamoja kunamwia vigumu. Akiwatazama watu hufanya vivyo hivyo. Akishamweka mtu kwenye fungu la wanawake, fungu la wagonga nyundo linamkataa. Bigler na Lynn Liben walilijaribu jambo hili mwaka 1992. Watoto waliofunzwa kupanga vitu kwa zaidi ya sifa moja, au waliofundishwa kwamba kazi huamuliwa na kupenda na kujifunza na si jinsia, walipunguza dhana zao kuhusu kazi za kiume na za kike. Kilichovutia zaidi ni kumbukumbu: watoto hao walizikumbuka vizuri zaidi hadithi zilizokwenda kinyume na mazoea. Mtoto mwenye fungu moja tu kichwani husikia hadithi ya mwanamke rubani, kisha akiisimulia rubani amekuwa mwanamume. Anayeleta hadithi nzuri darasani bila kuifunza akili ya kuzipokea asishangae zikipotea njiani.

Kutokana na hapo naweza kusema ninachokiamini. Kuthamini upekee wa mtu na kuthamini wingi wa tamaduni si masomo mawili ya kupangiwa wiki mbili tofauti. Ni uwezo mmoja wa akili, uwezo wa kumwona mtu kuwa wa kundi fulani na wakati huo huo kuwa yeye mwenyewe, bila moja kulimeza jingine. Mtoto asiyeweza kuyashika yote mawili ataangukia upande mmoja. Ama atamwona kila mgeni kuwa mfano wa kabila lake, ama atafundishwa kujifanya haoni kundi lolote. Pande zote mbili zina hasara, na nitazieleza.

Upande wa kwanza unajengwa na namna tunavyozungumza. Marjorie Rhodes, Sarah-Jane Leslie na Christina Tworek walichapisha mwaka 2012 utafiti ambao nautaja kila ninapopata nafasi. Walitunga watu wasiokuwapo duniani, wakawaita Zarpie, wakawachora katika kitabu cha picha wakiwa wake kwa waume, wazee kwa vijana, wa rangi mbalimbali. Watoto wa miaka minne walisomewa kitabu hicho. Kundi moja lilisikia sentensi za jumla, kwamba Zarpie huwaogopa wadudu fulani. Kundi jingine lilisikia habari zile zile kwa mtu mmoja mmoja: huyu hapa anawaogopa wadudu hao. Waliosikia sentensi za jumla ndio waliozidi kuamini kwamba tabia hizo ni za kuzaliwa nazo na hazibadiliki, hata mtoto wa Zarpie akilelewa na watu wengine. Watafiti wakageukia wazazi. Wazazi walioaminishwa kwamba Zarpie ni watu wa aina yao ya pekee walijikuta wakitumia sentensi nyingi zaidi za jumla walipozungumza na watoto wao. Imani ya mzazi inaweza kuhamia kwa mtoto kwa kupitia muundo wa sentensi tu.

Hebu mtu ajisikilize kwa siku moja. Watu wa kule ni wabahili. Wasichana hawapendi hesabu. Watu wa dini ile ni wakarimu. Viziwi wana hasira. Hata sifa nzuri ina sumu ile ile, kwa sababu inamfundisha mtoto kwamba ukishalijua kundi umemjua mtu. Marekebisho yake ni mepesi na hayahitaji bajeti. Badala ya kusema wao hufanya hivi, tuseme familia hii hufanya hivi, au wengi katika jamii yao hufanya hivi na wengine hawafanyi. Mtoto akisema wavulana wanapigana, aulizwe ni nani aliyepigana leo, na nani hakupigana. Mwalimu anayezoea kuuliza swali hilo kila siku amefanya kazi kubwa kuliko mabango yote yaliyobandikwa ukutani mwake.

Upande wa pili ni wa watu wema, na ndiyo maana ni mgumu kuukosoa. Hawa husema: tusitaje tofauti kabisa, sote ni binadamu, tuwalee watoto wasioona rangi wala kabila. Mwaka 2010 Evan Apfelbaum na wenzake waliwasimulia watoto wa miaka 8 hadi 11 habari ya mwalimu anayehimiza usawa. Wengine walisikia toleo linalosisitiza kwamba tofauti si kitu, la maana ni kufanana kwetu. Wengine walisikia toleo linalosema tofauti zetu ni za kuthaminiwa. Baadaye watoto waliulizwa juu ya matukio, likiwemo moja ambalo ubaguzi wake ulikuwa wazi. Waliosikia kwamba tofauti si kitu walikuwa wachache zaidi katika kuutambua ubaguzi ule. Tena walipolisimulia tukio, walilisimulia kwa namna iliyowafanya walimu walione kuwa jepesi. Fikiria maana yake kwa mtoto anayeonewa. Wenzake wamefundishwa wema unaowazuia kuona anachofanyiwa, na mwalimu akipelekewa habari anaipokea ikiwa imeshapunguzwa uzito.

Kunyamaza kuna madhara mengine, ya kila siku zaidi. Mtoto akimwona mtu asiye na mkono, au mwenye ualbino, au aliyevaa mavazi asiyoyajua, huuliza kwa sauti. Mama au baba humziba mdomo na kumvuta pembeni. Nia ya mzazi ni heshima, lakini mtoto ameambiwa kwamba alichokiona ni cha aibu, kisitajwe. Jibu linalofaa ni fupi na la kweli: ndiyo, huyu mjomba ana mkono mmoja, watu wana miili ya namna nyingi, twende tumsalimie. Kwa ualbino, ngozi yake ina rangi kidogo kwa sababu mwili wake hutengeneza melanini kidogo, kwa hiyo jua humuunguza upesi. Watoto huridhika haraka na ukweli. Wanachoshindwa kukitua ni mnong'ono.

Utafiti mwingine unathibitisha kwamba kulifuta kundi hakusaidii. Lindsey Cameron na Adam Rutland waliwasomea watoto wa Uingereza wa miaka 5 hadi 10 hadithi za urafiki kati ya watoto wenye ulemavu na wasio nao, kwa wiki sita. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Toleo moja la hadithi lilisisitiza sifa binafsi za wahusika tu. Jingine lilitaja pia kwamba mhusika ana ulemavu na kwamba wapo wengi kama yeye. Ni hilo la pili lililobadilisha mtazamo wa wasikilizaji kuelekea watoto wenye ulemavu. Nakiri kwamba mtu anayependa, kama mimi, kuanzia kwa mtu binafsi angetamani matokeo yawe kinyume. Lakini yana mantiki. Mtoto akimpenda mhusika mmoja bila kujua anatoka wapi, upendo huo unakwamia kwa mhusika yule. Akijua ni mmoja wa kundi fulani, mlango unafunguka kwa wengine. Kinachotakiwa ni kutaja kundi na kumtaja mtu, vyote viwili, katika hadithi moja.

Hapa ndipo zile siku za utamaduni zinaponitia shaka. Shule nyingi duniani huziadhimisha kwa moyo: watoto huvalishwa mavazi, huimba, huonja vyakula, hupigwa picha. Louise Derman-Sparks na wenzake, waliokuwa wakishughulika na elimu ya watoto wadogo nchini Marekani, walionya tangu mwaka 1989 kwamba mafunzo ya namna hii ni ya kitalii: mtoto anatembezwa katika utamaduni wa wengine kwa saa chache, anaona vazi la sherehe, kisha anarudishwa kwenye maisha ya kawaida ambamo utamaduni huo haumo. Naliona onyo hilo bado lina nguvu. Siku ya aina hiyo humwonyesha mtoto watu wasiofanya kazi, wasioumwa, wasiokwenda shule, wanaocheza ngoma tu. Pia humpa kila kundi vazi moja na wimbo mmoja, yaani sentensi ya jumla iliyoshonwa ikawa nguo. Sisemi zifutwe. Zinaweza kuwa hitimisho la mwaka mzima ambamo watoto wamesikia namna wenzao wanavyoitwa majina, wanavyowasalimu wakubwa, wanavyobishana na wadogo zao, wanavyofariji waliofiwa. Zikisimama peke yake ni maonyesho.

Kwa upande wa upekee wa mtu, tatizo limekaa kinyume. Huko tunasifu mno. Mtoto huambiwa asubuhi na jioni kwamba yeye ni wa pekee, hakuna kama yeye. Mwaka 2015 Eddie Brummelman na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watoto wa Uholanzi wa miaka 7 hadi 11 pamoja na wazazi wao. Watoto ambao wazazi waliwaona kuwa bora na wenye kustahili kuliko wengine walielekea kujikweza baadaye. Kujithamini kwa afya kulitokana na kitu kingine, yaani mtoto kuhisi mapenzi na ukaribu wa wazazi wake. Upekee unaofundishwa kwa kumwinua mtoto mmoja juu ya wenzake hauwezi kuzaa heshima kwa upekee wa wengine.

Ninaona njia bora zaidi kwa Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa akili walioanza mwaka 1956 mjini New York kuwafuatilia watoto tangu uchanga hadi ukubwani. Waliona kwamba watoto huja na hulka tofauti. Karibu asilimia 40 walikuwa wepesi wa kuzoea mambo, asilimia 10 wakali na wagumu kutulizwa, asilimia 15 wa taratibu, wanaohitaji muda kabla ya kujiunga na wenzao. Waliobaki, zaidi ya theluthi, hawakuingia katika fungu lolote, na mimi hawa ndio wanaonifurahisha zaidi, kwa sababu hata watu waliotumia maisha yao kuwapanga watoto walikubali kuacha wengi bila jina. Mafundisho yao makubwa yalikuwa kwamba hulka si nzuri wala mbaya kwa yenyewe. Linaloamua ni kama mazingira yanaoana nayo. Mtoto wa taratibu akisukumwa katikati ya kundi siku ya kwanza atalia. Akipewa siku kadhaa za kutazama atacheza.

Na mazingira yenyewe hubadilika, jambo ambalo mwanasaikolojia Xinyin Chen ameliweka wazi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Katika tafiti zake za mwanzo, haya ya mtoto ilimfanya akataliwe na wenzake nchini Kanada, ilhali nchini China mtoto mwenye haya alikubalika, akasifiwa na walimu, hata kupewa uongozi. Tabia ile ile moja, kasoro hapa na fadhila kule. Kisha Chen na wenzake wakalinganisha watoto wa mijini nchini China wa mwaka 1990, wa 1998 na wa 2002. Kufikia mwaka 2002, baada ya nchi kugeukia uchumi wa ushindani, mtoto mwenye haya alikuwa ameanza kukataliwa na wenzake na kuonyesha dalili za huzuni. Ndani ya miaka 12 thamani ya mtoto mpole iligeuzwa, na yeye hakubadilika.

Nadhani hakuna mfano bora wa kuonyesha kwa nini upekee na utamaduni havitenganishwi. Utamaduni ndio unaoamua hulka ipi iitwe adabu na ipi iitwe udhaifu, na utamaduni huo haukai kama sanamu ya makumbusho bali hubadilika mbele ya macho yetu. Mwalimu anayejua hivyo hatamtazama mtoto asiyemkazia macho mkubwa wake akasema ni mkaidi, kabla ya kuuliza nyumbani kwao heshima huonyeshwaje. Mzazi anayejua hivyo ataacha kile kilio cha mbona mwenzio anaweza. Miaka si mingi iliyopita watoto wanaotumia mkono wa kushoto, ambao ni karibu asilimia 10 ya watu, walikuwa wakichapwa au kufungwa mkono ili waandike kwa wa kulia, na waliofanya hivyo waliamini wanalea vizuri. Inafaa tujiulize ni hulka gani tunayoifunga leo.

Kuwachanganya watoto kunasaidia, lakini kuwachanganya kupi? Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki hasa pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kweli na uungwaji mkono wa wenye mamlaka. Zaidi ya nusu karne baadaye, Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichambua tafiti 515 na kukuta kwamba kwa kawaida kukutana hupunguza ubaguzi, na zaidi pale masharti hayo yanapokuwapo. Elliot Aronson aliyatia masharti hayo darasani mwaka 1971 katika mji wa Austin, Texas, wakati shule zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa rangi mbalimbali kwa amri na ugomvi ulikuwa umetanda. Aligawa somo vipande, kila mtoto katika kikundi kidogo akapewa kipande chake, na hakuna aliyeweza kulijua somo zima bila kumsikiliza kila mwenzake. Mtoto aliyechekwa kwa lafudhi sasa alikuwa ameshika kitu ambacho wote walikihitaji. Kwa watoto wa chekechea mchezo huo unawezekana kwa njia rahisi: mmoja ana gundi, mwingine mkasi, wa tatu karatasi, na nyumba ya karatasi haijengeki mpaka waongee.

Limebaki swali zito, na nisingependa kulikwepa. Je, kumfundisha mtoto kuthamini tamaduni ni kumfundisha kukubali kila kitu kinachofanywa kwa jina la mila? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao umeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokuwa Marekani, unajibu kwa namna ninayoikubali. Ibara ya 29 inataka elimu ikuze kwanza haiba na vipaji vya mtoto mwenyewe, kisha heshima kwa wazazi wake, lugha na utamaduni wake, na kwa ustaarabu ulio tofauti na wake. Ibara ya 24 ya mkataba huo huo inazitaka serikali zikomeshe desturi zinazodhuru afya ya watoto. Azimio la UNESCO la mwaka 2001 kuhusu wingi wa tamaduni nalo linakataza mtu kuutumia wingi huo kuvunja haki za binadamu. Kwa lugha ya mtoto hili si gumu. Anaweza kuelewa kwamba watu hula, huvaa, huomba na huzika kwa namna nyingi, na kwamba hakuna namna inayoruhusu mtu aumizwe. Kinachohitajika ni sisi kutumia kipimo hicho kwa mila zetu kwa ukali ule ule tunaoutumia kwa mila za wengine, maana mtoto hugundua upesi mizani iliyoegemea upande.

Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, ningeanza na lugha. UNESCO imekadiria kwamba karibu asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa. Mtoto anayeingia darasani na kukuta lugha ya mama yake haina nafasi, au inaadhibiwa, hawezi kuaminishwa na wimbo wowote kwamba tofauti yake inathaminiwa. Shule isiyo na mwalimu wa lugha hiyo bado inaweza kujifunza kulitamka jina la mtoto kama linavyotamkwa kwao, kumwalika bibi yake asimulie hadithi kwa lugha yake huku mjukuu akitafsiri, kumruhusu ajieleze kwanza kwa lugha anayoiweza akiwa na mwenzake kabla ya kujibu kwa lugha ya darasa. Walimu wengi wangefanya hivyo kesho wakielekezwa. Mitaala ya elimu ya awali hufunguliwa kwa aya nzuri kuhusu utu na wingi wa tamaduni; mafunzo ya ualimu nayo yatenge saa za kuwazoeza walimu kusikiliza sentensi zao wenyewe, kuwapanga watoto kila siku kwa namna mpya isiyokuwa jinsia wala asili, na kumjibu mtoto anayeuliza kwa sauti mbele ya darasa zima kwa nini mwenzake yuko vile alivyo.